Mpiga Selo Aliyekataa Kupiga

 Wewe uliyeko dukani unasubiri wateja, wewe uliyekwama kwenye foleni ya magari, na wewe mama unayechambua mchele huku redio iko dirishani, karibuni nyote tuzungumze.

Jioni hii nataka tumzungumzie mtu aliyeishi miaka 96. Tangu utotoni alishika ala moja, akaimudu kuliko karibu kila mtu wa zama zake, akaitwa kuipiga mbele ya malkia na marais. Halafu, jina lake likiwa juu kabisa, akaiweka chini. Akatangaza kwamba hatapiga tena jukwaani katika nchi yoyote inayoshikana mikono na dikteta aliyekuwa akiitawala nchi yake. Na kweli, kwa miaka kadhaa hakupiga. Mtu huyo ni Pablo Casals. Kwao Catalonia, kaskazini-mashariki mwa Hispania, wanamwita Pau. Ala yake ilikuwa selo.

Najua wapo wanaojiuliza, selo ni kitu gani hicho? Kama wewe ni mpenzi wa taarab asilia ya Zanzibar, basi umeshaisikia, hata kama hukuijua kwa jina. Ukienda kuwasikiliza Culture Musical Club, tazama nyuma ya kanuni, udi na fidla. Utaona ala yenye umbo la fidla lakini kubwa mno kushikwa begani. Mpigaji anakaa kitini, anaiweka katikati ya magoti, nayo inasimama juu ya chuma chembamba chenye ncha. Ina nyuzi nne nene, na upinde wake umefungwa nywele za mkia wa farasi. Sauti yake inaanzia chini kule kwenye besi ya mwanamume, inapanda mpaka kwenye sauti ya mwanamke. Ndiyo maana watu wengi wakiisikia kwa mara ya kwanza husema inaongea.

Haya, sasa tumfuate mwenyewe.

Casals alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 katika mji mdogo wa El Vendrell, karibu na bahari. Baba yake, Carles, alipiga kinanda cha kanisani na kufundisha kwaya, kazi ya heshima kubwa na mshahara mdogo. Mama yake, Pilar, alizaliwa Puerto Rico, kisiwa kilichokuwa koloni la Hispania wakati huo. Mkumbuke huyu mama, maana bila yeye leo tusingekuwa na mazungumzo.

Siku moja walipita mjini wanamuziki wa kuzunguka, wamevaa kivichekesho, na mmoja wao alikuwa anapiga mpini wa ufagio uliofungwa nyuzi. Mtoto hakulala. Akamsimulia baba yake kila kitu. Baba akaenda kwa kinyozi wa pale mjini, wakashauriana, wakachukua kibuyu kikavu, wakakifunga mpini na uzi mmoja. Hiyo ndiyo ikawa selo ya kwanza ya Pablo Casals. Ndugu zangu wa Dodoma, ninyi mliokua mkisikia zeze la Kigogo, nyinyi mtawaelewa mara moja baba na kinyozi wake: kibuyu ndicho kinachoipa sauti nafasi ya kujaa. Kile kibuyu hakikutupwa. Kipo mpaka leo, kimetunzwa katika nyumba yake ya pwani ya Sant Salvador, ambayo sasa ni makumbusho.

Akiwa na umri wa miaka 11 hivi, alisikia selo halisi. Mwalimu Josep García alikuja kutoka Barcelona kupiga na wenzake wawili pale El Vendrell, na mtoto akamwambia baba yake kwamba hiyo ndiyo ala anayoitaka maisha yake yote. Baba yake, ambaye ni mwanamuziki, alionaje? Baba alitaka mwanawe akajifunze useremala. Sitamlaumu. Wazazi mnaonisikiliza mnajua uzito wa jambo hili. Mtoto anakwambia anataka muziki, nawe unajua muziki umekulipa nini. Utasemaje? Carles aliipenda kazi yake, lakini alijua jinsi jikoni kunavyokuwa mwisho wa mwezi.

Mama ndiye aliyekataa. Alisema mtoto huyu ana kipaji na ni wajibu wao kukifuata mpaka kitakapofika. Mwaka 1888 akamchukua, akampeleka Barcelona kwenye shule ya muziki ya manispaa. Walibishana sana ndani ya nyumba ile, na mtoto alisikia, na ilimuumiza. Lakini mama hakurudi nyuma.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Wakati ule mwanafunzi wa selo alifundishwa kubana mkono wa kulia ubavuni. Walimu wengine walimwambia ashike kitabu kwapani huku akipiga. Kitabu kikianguka, amekosea. Na mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, ulikuwa ukitelezeshwa juu na chini kila noti inapohama. Jaribu mwenyewe hapo ulipo, bana kiwiko ubavuni kisha jaribu kufagia sakafu. Utafagia, ndiyo, lakini utafagia hatua moja. Casals, mtoto asiyefikisha hata miaka 15, aliona mambo haya hayana maana. Akauachia mkono wa kulia utembee kuanzia begani. Mkono wa kushoto akaufundisha kutanua vidole vifikie noti za mbali bila kiganja kizima kuhama, na kila kidole kikishuka kinashuka kwa nguvu, uzi unaitika. Mwalimu García alishangaa, kisha akamwacha aendelee, na hilo nalo linahitaji sifa, maana walimu wangapi wangemwacha? Leo, anayesomea selo Tokyo, Cape Town au Havana anafundishwa mkono huo uliotoka kwapani. Wengi hawajui nani aliuachia.

Usiku alikuwa akipiga kwenye mkahawa uitwao Tost ili apate chochote. Na mwaka 1890, akiwa na miaka 13, baba yake alimtembelea Barcelona, wakaingia pamoja kwenye duka la vitabu vya muziki karibu na bandari, wakitafuta nyimbo mpya za kupiga pale mkahawani. Katika kupekua makaratasi ya zamani, mtoto akakuta kitabu chenye tungo sita za selo peke yake, bila ala nyingine ya kuisindikiza. Ni zile switi sita za Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyezitunga mnamo mwaka 1720.

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zipo. Waliozijua walizichukulia kuwa ni mazoezi ya vidole. Kuzipiga switi nzima mbele ya watu waliolipa kiingilio, kwa mawazo ya wakati ule, ilikuwa sawa na mtu kupanda jukwaani akasoma jedwali la kuzidisha. Casals alirudi nyumbani na kile kitabu, akaanza. Na je, alichukua muda gani kabla ya kuthubutu kupiga hata switi moja mbele ya hadhira?

Miaka 12.

Narudia, msikilizaji: miaka 12. Kijana aliyekuwa tayari anasifiwa, anayehitaji pesa, anayepiga karibu kila usiku, alikuwa na hazina ambayo wengine hawakuithamini, na kwa miaka 12 hakuitoa nje. Alikaa nayo chumbani. Aliirudia asubuhi, akairudia jioni. Shikeni jambo hili, tutalihitaji baadaye.

Umaarufu ulikuja kwa njia yenye miiba. Madrid, mfadhili mmoja aliyekuwa karibu na familia ya kifalme, Count Morphy, alimpatia msaada wa fedha kutoka kwa Malkia María Cristina. Mwaka 1895 wakampeleka Brussels kwenye chuo kilichosifika kuliko vyote kwa selo. Kijana akakaa nyuma ya darasa, hana suti ya maana. Profesa akamuuliza kwa dhihaka mbele ya wanafunzi: unajua kupiga utungo huu? Ndiyo. Na huu je? Ndiyo. Darasa likacheka, wakidhani Mhispania mdogo anajigamba. Wakampa apige utungo mgumu kabisa wa mtunzi Servais wa huko huko Ubelgiji. Akapiga. Kicheko kikakatika. Profesa akamwita ofisini, akamwahidi tuzo ya kwanza ya darasa kama atabaki. Casals akamjibu kwamba amedharauliwa mbele ya watu na hatabaki hata siku moja. Kesho yake akaondoka kwenda Paris.

Ilimgharimu. Msaada wa malkia ulikatwa. Paris walikaa na mama yake na wadogo zake kwenye chumba kibaya, akitafuta riziki ya kupiga katika ukumbi wa burudani, akitembea na selo mgongoni kwa kukosa nauli, mpaka akaugua. Mama alishona nguo za watu usiku. Na Casals alisimulia baadaye kwamba siku moja mama yake alirudi nyumbani nywele zimekatwa. Alikuwa na nywele ndefu nyeusi, nzuri sana. Alikwenda kuziuza. Mtoto aliposhtuka, mama akamwambia ni nywele tu, zitaota.

Basi wakarudi Barcelona, akapata kazi ya kufundisha mahali pa mwalimu wake García, na mwaka 1899 akarudi Paris kupiga na okestra ya Lamoureux. Kuanzia hapo milango yote ikafunguka. Mwaka huo huo alipiga mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza. Mwaka 1904 alipiga katika Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Theodore Roosevelt. Akaunda kundi la watu watatu na mpiga piano Alfred Cortot na mpiga fidla Jacques Thibaud, na santuri zao zinauzwa mpaka leo. Haya yote naweza kuyaeleza mpaka kesho, lakini safari za mtu maarufu zinafanana, hoteli na treni na makofi. Tuyapite.

Ila moja siwezi kuliacha. Mwaka 1901, akiwa ziarani California, alikwenda na marafiki kupanda mlima Tamalpais. Jiwe likaporomoka likamponda vidole vya mkono wa kushoto, mkono wa nyuzi. Unadhani wazo lake la kwanza lilikuwa nini? Alikiri mwenyewe: alimshukuru Mungu kwamba sasa hatalazimika tena kupiga selo. Mtu huyu, wapendwa, aliogopa jukwaa maisha yake yote. Kabla ya kila onyesho alibanwa na kifua, alitokwa na jasho. Vidole vilipona, akarudi jukwaani na hofu yake, akaishi nayo miaka 70 zaidi.

Sasa tunaingia kwenye kiini cha mazungumzo yetu.

Alipopata mali, Casals alifanya nini nayo? Mwaka 1920 okestra yake ilipiga kwa mara ya kwanza pale Barcelona. Wajuzi wa mji walimwambia Barcelona haitaki okestra, na pengo la fedha akalijaza kwa mfuko wake mwenyewe mwaka hadi mwaka. Kisha akasaidia kuundwa kwa chama cha wafanyakazi cha muziki. Watu wa viwandani na madukani wenye kipato kidogo walilipa ada ndogo ya mwaka, wakapata maonyesho yao Jumapili asubuhi. Haikuwa sadaka. Chama kilikuwa chao, walikiendesha wao, walikuwa na jarida lao waliloliandika wenyewe kuhusu muziki waliousikia. Naomba muone fahari ya jambo hili: mshona viatu anaandika makala ya kumchambua Beethoven.

Halafu ikaja jioni ya tarehe 18 Julai 1936. Casals yuko mazoezini Barcelona na okestra yake na kwaya. Kesho yake ilikuwa ifunguliwe Olimpiki ya Wananchi, michezo iliyoandaliwa kupinga Olimpiki ya Hitler kule Berlin, nao walikuwa wanaandaa Simfoni ya Tisa ya Beethoven, ile yenye wimbo wa kuwaita wanadamu wote ndugu. Akaingia mjumbe mbio na barua ya serikali: jeshi limeasi, onyesho limefutwa, watu waondoke mara moja. Casals akawasomea wanamuziki wake. Akawauliza: tuagane sasa hivi, au tumalize kwanza? Wakasema tumalize. Kwaya ikasimama, ikaimba sehemu ya mwisho kwa Kikatalani, na Casals mwenyewe alisema machozi yalimzuia kusoma noti. Ndipo wakatoka nje, mjini wanajenga vizuizi vya barabarani.

Vita vilichukua karibu miaka mitatu. Aliyeasi, Jenerali Francisco Franco, alishinda. Katikati ya vita, Oktoba 1938, Casals alipiga Barcelona kuchangia watoto walioathirika, na wakati wa mapumziko alishika kipaza sauti cha redio, akayaomba mataifa yasiiache Jamhuri ya Hispania ife. Redio, ndugu zangu, chombo hiki hiki. Mataifa yalisikia. Hayakufanya kitu.

Mwanzoni mwa 1939 karibu watu nusu milioni walivuka milima ya Pyrenees kuingia Ufaransa. Msikilizaji wa Kigoma, msikilizaji wa Kakuma, wewe huhitaji kuelezwa kambi ni nini. Wengine waliwekwa kwenye mchanga wa ufukweni bila paa, msimu wa baridi. Casals angeweza kukaa London au New York katika hoteli yoyote aliyotaka. Alikaa Prades, mji mdogo wa Ufaransa upande wa pili wa mpaka ambako watu wanasema Kikatalani, ili awe karibu na wale waliokimbia. Alikwenda kambini na chakula na nguo. Aliandika barua kwa mkono wake, nyingi mno, akiwaomba marafiki wa Ulaya na Marekani pesa. Mikono iliyokuwa na bei kuliko yote katika muziki ikawa inaandika anwani juu ya bahasha.

Wakati wa vita vya pili vya dunia Wajerumani walifika mpaka mlangoni kwake Prades, wakamtaka aende kupiga Berlin. Alisimulia kwamba alikataa, wakamwomba basi awapigie wao pale pale, akawaambia bega linamuuma. Wakaondoka. Alijua wanaweza kurudi kumchukua.

Mwaka 1945 vita vikaisha. Casals akaenda Uingereza, akapokewa kwa shangwe, akiamini kwamba baada ya Hitler na Mussolini, sasa ni zamu ya Franco. Haikuwa. Akaona serikali zilizoshinda vita zinatengeneza uhusiano na Madrid. Ndipo akarudi Prades, akafanya lile nililowaambia mwanzo. Akafunga selo. Pesa nyingi zikaja kutoka Marekani, akakataa. Mialiko ikaja kutoka kila upande, akakataa.

Wengi wanaomwandika wanasema hapa Casals aliingia siasa. Mimi nasoma maisha yake naona jambo jingine, na ndilo lililonifanya nimlete kwenu leo. Nani anaweza kukataa kupiga kwa miaka, huku anaijua thamani ya anachokizuia? Ni yule aliyewahi kukaa na switi za Bach miaka 12 bila kumwonyesha mtu. Alishajifunza akiwa kijana kwamba muziki haupungui kwa kutokusikika. Alishaondoka Brussels na tumbo tupu kwa sababu ya heshima. Ule uamuzi wa 1945 ulikuwa umeshafanyiwa mazoezi, tena chumbani, peke yake, kila asubuhi. Hata katika miaka ile ya kunyamaza hakuacha. Akiamka aliketi kwanza kwenye piano akapiga Bach, kisha selo. Mlango umefungwa.

Je, kunyamaza kwake kulimwangusha Franco? Hapana. Lazima tuseme ukweli huo. Franco alitawala mpaka alipokufa kitandani mwaka 1975. Mtu anaweza kuuliza, basi ilikuwa na faida gani? Mimi namjibu hivi: jina la Hispania lingesahaulika katika magazeti ya dunia mapema zaidi. Kila aliyeuliza Casals yuko wapi, kwa nini hapigi, ilibidi ajibiwe, na jibu lilikuwa na jina la Franco ndani yake.

Rafiki yake Alexander Schneider, mpiga fidla, alipata wazo zuri: kama Casals hataki kuja duniani, dunia imfuate. Mwaka 1950 ilitimia miaka 200 tangu Bach afariki. Wanamuziki wakubwa, akina Isaac Stern, Rudolf Serkin na Clara Haskil, wakafunga safari mpaka Prades. Wakapiga kanisani, na kwa kuwa ni kanisani, watu waliombwa wasipige makofi. Casals akafungua kwa switi ya kwanza. Alikuwa na miaka 73.

Baadaye alihamia Puerto Rico, kisiwa cha mama yake. Mwaka 1957 akamwoa Marta Montañez, mwanafunzi wake wa selo, na huko akaanzisha tamasha na okestra. Mwaka 1961 akakubali kupiga katika Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Kennedy. Hapa msikilizaji makini atanishika: Marekani si ilikuwa inamtambua Franco? Ilikuwa. Alimwandikia Kennedy kueleza kwamba anakwenda kwa sababu ya imani yake kwake yeye mtu. Sina hakika kama mimi ningevuka mstari niliouchora mwenyewe. Lakini alikuwa na umri wa miaka 84, na alitaka suala la nchi yake liingie tena mlangoni mwa mwenye nguvu kuliko wote. Usiku ule alikuwepo Alice, binti wa Roosevelt, aliyemsikia pale pale mwaka 1904.

Na sasa jambo linalotuhusu sisi. Tarehe 24 Oktoba 1971, Siku ya Umoja wa Mataifa, Casals alisimama katika ukumbi wa Baraza Kuu, New York. Alikuwa anakaribia miaka 95. Aliongoza wimbo alioutungia Umoja wa Mataifa, Katibu Mkuu U Thant akampa medali ya amani, kisha mzee akaomba selo. Akasema atapiga wimbo wa Krismasi wa kwao Catalonia, unaoitwa Wimbo wa Ndege, na kwamba ndege wale wakiwa angani huimba amani. Akapiga, taratibu, vidole vimekakamaa kwa uzee. Kesho yake usiku, katika ukumbi ule ule, ilipigwa kura iliyoipa China kiti chake, na ujumbe wetu wa Tanzania na balozi wake kijana Salim Ahmed Salim ukasherehekea mpaka dunia nzima ikatuona. Wazee wetu wanaokumbuka usiku ule, mjue kwamba siku moja tu kabla, pale pale, palikuwa na selo.

Casals alifariki San Juan, Puerto Rico, tarehe 22 Oktoba 1973. Franco alikuwa bado hai. Mwaka 1979 Wakatalani walimchukua mzee wao, wakamrudisha El Vendrell, na huko amelazwa mpaka leo.

Wasikilizaji, muda wetu umebaki dakika chache na sitaki kuzimaliza kwa maneno. Kati ya 1936 na 1939, London na Paris, Casals alizirekodi zile switi sita zote. Fundi mitambo ameshaiweka tayari ile ya kwanza, sehemu ya utangulizi, iliyorekodiwa Paris mwaka 1938. Ni ya zamani, utasikia mkwaruzo, usibadili stesheni. Sauti itakayokufikia kwanza ni uzi mtupu, bila kidole. Baada ya hapo sikiliza mkono wa kulia jinsi unavyotembea bila kubanwa, na sikiliza anapofika karibu na mwisho, anavyopanda ngazi moja moja bila haraka yoyote.

Wiki ijayo saa hii hii tutakuwa pamoja tena, Mungu akipenda. Fundi, tafadhali.